Yatima Naye Ameamriwa Kufurahi

Tarehe 16 Juni inakaribia, Siku ya Mtoto wa Afrika. Siku hiyo mwaka 1976 wanafunzi wa Soweto walipigwa risasi walipoandamana kupinga elimu ya kibaguzi, na tangu mwaka 1991 bara zima huiadhimisha. Vituo vingi vya huduma ya mtoto vilivyo chini ya makanisa yetu hufanya sherehe: maandamano, ngonjera, kwaya, michezo, chakula cha pamoja. Kila mwaka wanatafutwa watu wa kujitolea, na kila mwaka wanaojitokeza ni kina mama wale wale wachache. Leo nasema na ninyi mliobaki.

Kuna anayesema moyoni: watoto hawa wanahitaji ada na madaftari, pilau ya siku moja itawafaa nini? Ndugu yangu, fungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 16. Mungu anapoweka sheria ya sikukuu anawataja watakaofurahi mbele zake: mwana na binti wa nyumbani, mtumishi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Yatima ametajwa ndani ya amri! Mwenye mavuno hakuruhusiwa kusherehekea na wanawe peke yao huku mtoto wa marehemu jirani yake akichungulia uani. Basi ukiiita furaha ya mtoto maskini anasa, unabishana na nani?

Katika Luka 14 Bwana Yesu anamwelekeza mwenye karamu awaalike wasioweza kumlipa. Tazameni tunavyochangia harusi! Kadi inafika, tunajibana, tunatoa, kwa sababu tunajua kesho na sisi tutapeleka yetu. Watoto hawa hawana kadi ya kukurudishia. Deni lao Bwana amelichukua yeye, na ameahidi kulilipa katika ufufuo wa wenye haki. Unataka mdhamini gani zaidi?

Nimemwona binti mdogo katika sherehe kama hiyo. Alikula wali wote, lakini nyama akaifunga kwenye karatasi ya daftari na kuibana kwapani. Mama aliyekuwa akipakua alimwona, akamvuta pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini. Ilikuwa ya mdogo wake aliyebaki nyumbani, ambaye hakuandikishwa kituoni. Mama yule akamwambia ale nyama yake, kisha akampa fungu jingine la kupeleka, wala wenzake hawakujua. Fedha zilinunua ile nyama, ila fedha hazina macho. Ndiyo maana twakuhitaji wewe mwenyewe!

Mwaka 1952 Mchungaji Everett Swanson kutoka Marekani alikwenda Korea kuwahubiria askari, akakutana na yatima wa vita. Hakusikitika tu na kupita. Kazi aliyoianza ndiyo leo inaitwa Compassion International, nayo inahudumia watoto kupitia makanisa ya mahali, hapa Tanzania na kwa majirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda. Mzigo huu, basi, umewekwa mlangoni pa kanisa lako.

Njoo alfajiri uchambue mchele. Chota maji, chochea kuni, simama kwenye ndoo ya kunawia mikono. Wanaume, msisubiri kuitwa meza kuu. Masufuria ni mazito, yabebeni! Kijana mwenye kipaji cha michezo, lete mpira na filimbi. Fuata taratibu za ulinzi wa mtoto, na ukihojiwa kwanza usinune, maana wana-kondoo hawakabidhiwi kwa yeyote tu. Simu ikae mfukoni: mtoto aliyeshika sahani si picha ya kujitangazia wema wako. Mwite kwa jina lake, mpakulie kama unavyompakulia mgeni unayemheshimu.

Sherehe ikiisha, usiishie kuosha masufuria. Jua anapoishi mtoto mmoja, mjue bibi anayemlea, kapige hodi.

Jumapili hii, ibada ikiisha, usipite mlangoni kabla hujaandika jina lako kwa mratibu wa kituo. Mungu aliyeamuru yatima afurahi ameshaandaa karamu. Anauliza nani atapakua. Mjibu, nawe ufike mapema. Amina.