Shahidi Asiyekuwapo

Wazee wetu walipokaa barazani kuamua shauri, walimwuliza shahidi kwanza: Wewe ulikuwapo? Swali jema hilo. Lakini je, mtu asiyekuwapo hana ruhusa kabisa ya kushuhudia?

Neno hili lilimkabili Bibi Ory Okolloh, mwanasheria wa Kenya, mwanzoni mwa mwaka 2008. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umeleta umwagaji wa damu. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Tarehe 30 Desemba serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Bibi huyu aliandika habari katika intaneti, na wengi wakampelekea zao: hapa nyumba imechomwa, pale njia imefungwa. Naye hakuwapo huko. Mapema Januari alikuwa amekwisha kurudi Afrika Kusini, alikokuwa akiishi. Ayafanyeje maneno ya watu asiowajua?

Kunyamaza kulikuwa na sababu zake. Uongo mmoja, kwamba kabila fulani limeua watu wa kabila jingine, waweza kuwatoa vijana na mapanga njiani. Wala amri ya nane haimwachilii mtu eti kwa kuwa alisikia tu kwa jirani. Lakini uvumi hupenda sana mahali pasipo habari. Jambo hilo, nadhani, wale waliozuia matangazo hawakulipima vya kutosha.

Bibi Okolloh akaomba mafundi watengeneze ramani. Wakajiunga naye Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, na kwa siku chache tovuti ikawa tayari, wakaiita Ushahidi. Aliyeona jambo alilipeleka kwa intaneti au kwa ujumbe wa simu ya mkononi, nalo likatiwa katika ramani mahali lilipotokea. Tena habari zililinganishwa na nyingine, na zile zisizothibitishwa zikatiwa alama.

Alama ile ndogo ndiyo niionayo kuwa kubwa. Asiyekuwapo hakujifanya kwamba alikuwapo. Alisema, hili limehakikishwa, hili nimeletewa tu. Mwenye shaka naye asema kweli, iwapo haifichi shaka yake. (Na sisi je, tupokeapo habari katika simu zetu na kuzisukuma mbele, ni nani aongezaye neno hilo?)

Shida moja yabaki, nami sina jibu lake jepesi: ramani imwonyeshayo mwokozi njia yaweza kumwonyesha adui pia. Mwenye kuitunza hana budi kuamua, pengine usiku wa manane, ni mahali gani pasitajwe.

Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipoipiga nchi ya Haiti, programu hiyo ilitumika huko. Wahaiti waliokaa ng'ambo walizitafsiri jumbe za watu wasiowaona, zilizoandikwa kwa Kikrioli, ili waokoaji wapate kuzielewa.