Msokoto Ulikuwa Wetu Wawili

Naishi kwenye SQ hapa Muthangari. Jioni harufu ya bangi hushuka kutoka maghorofa yenye walinzi, na sijawahi kuona karao akibisha huko. Wanaosachiwa ni vijana wanaopita kwa miguu kurudi Kawangware. Ndivyo beste yangu alivyoshikwa na msokoto mmoja, tukiwa bado chuo. Ulikuwa wetu wawili. Mimi nilikuwa nimetangulia dukani. Alikiri, mamake akalipa faini kwa pesa za rent, kesi ikaisha. Ndivyo tulivyodhani.

Marekani, sheria ya 1998 ilimnyima msaada wa karo wa serikali mwanafunzi aliyehukumiwa kwa dawa za kulevya. Aliyehukumiwa kwa wizi, hata mauaji, hakuulizwa. Kongresi iliifuta Desemba 2020.

Kwetu mlango hufungwa baadaye. Mkopo wa HELB huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kuulipa kunataka kazi, na waajiri wengi wanataka cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI. Msokoto uko pale.

Utasema alivunja sheria, abebe mzigo wake. Sawa, alibeba. Lakini ukimaliza deni la HELB unapewa cheti kwamba hudaiwi tena. Aliyelipa faini ya korti mpaka shilingi ya mwisho, yeye cheti chake anakichukua wapi?

Mimi cheti changu ni safi, na kazi ninayo. Juzi amenitext: "Hii loan nitalipa na nini, buda?"

Sijamjibu bado.