Je, Mikono Safi Inatosha? Mark Rutte na Swali la Amana

Ndugu msomaji, huenda nawe ulitumiwa video ile. Tarehe 2 Julai 2024 Mark Rutte alimkabidhi Dick Schoof ofisi ya Waziri Mkuu wa Uholanzi, akaagana naye, akapanda baiskeli na kwenda zake. Hapakuwa na msafara wala ving'ora. Alikuwa ameongoza nchi tajiri ya Ulaya kwa karibu miaka 14, muda mrefu kuliko Waziri Mkuu mwingine yeyote wa Uholanzi, na aliondoka kama mwalimu anayetoka kazini. Ni rahisi kuitazama video hiyo na kusema: laiti nasi tungepata kiongozi wa namna hii.

Matamanio hayo yana msingi. Lakini nyuma yake kuna swali ambalo sisi tunaosoma hatuna budi kulikabili. Kiongozi asiyechota mali ya umma, anayeishi maisha ya kawaida, je, kwa hilo tu amekwisha timiza amana? Au mtu anaweza kuwa na mikono safi, na bado dhulma ikapita chini ya mikono hiyo hiyo?

Kutoka Unilever hadi serikalini

Rutte alizaliwa The Hague mwaka 1967. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Leiden, akahitimu mwaka 1992, kisha akaajiriwa na Unilever, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa sabuni ya Omo. Alikaa huko miaka kumi, na kazi yake ilikuwa ya utumishi, yaani kushughulika na wafanyakazi na mafunzo yao. Mwaka 2002 aliitwa serikalini kuwa naibu waziri wa masuala ya jamii na ajira. Mwaka 2006 alichaguliwa kukiongoza chama cha VVD, chama kinachotetea soko huria, na Oktoba 2010 akawa Waziri Mkuu.

Alichojifunza kwenye kampuni kilimfaa. Uholanzi huongozwa na serikali za mseto, kwa kuwa hakuna chama kinachopata wingi wa viti peke yake. Rutte aliunda serikali nne, kila mara akiwaweka meza moja watu waliokuwa wakirushiana maneno wiki chache kabla. Hakupenda hotuba za ndoto kubwa. Katika mhadhara wa mwaka 2013 alifananisha maono makubwa ya kisiasa na tembo anayeziba mandhari. Waholanzi wana usemi unaoiita nchi yao kampuni, na Rutte alionekana kuwa meneja wake hasa.

Maisha yake binafsi yalikuwa ya wastani. Aliendesha gari kuukuu aina ya Saab, aliendelea kukaa kwenye nyumba yake mwenyewe, na hata akiwa Waziri Mkuu alikuwa akienda kufundisha kila wiki katika shule ya sekondari mjini The Hague. Tumpe haki yake katika hayo. Qur'ani imetukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu fulani, na ukweli ni ukweli hata ukiwa kwa asiyekuwa Muislamu.

Mambo matatu ya kutafakari

La kwanza ni la mwaka 2003, alipokuwa naibu waziri. Zilikuwepo habari za Wasomali waliokuwa wakifanya kazi Uingereza huku wakipokea msaada wa serikali nchini Uholanzi. Rutte alizishauri halmashauri za miji ziwachunguze wapokeaji wa msaada wenye asili ya Somalia. Mwaka 2007 mahakama iliamua kwamba kuwalenga watu kwa asili yao namna hiyo ni ubaguzi. Jibu lake lilikuwa kwamba, ikiwa sheria inazuia jambo hilo, basi sheria ndiyo ibadilishwe. Kwa hesabu ya meneja, kuchunguza pale unapodhani hasara ipo ni akili. Lakini Msomali ambaye hakuiba kitu aliingizwa kwenye hesabu hiyo kwa sababu ya alikozaliwa.

La pili linaihusu kampuni aliyotoka. Mwaka 2017 serikali yake ya tatu iliamua kufuta kodi ya gawio, kodi inayokatwa kwenye faida wanayogawiwa wenye hisa. Serikali ingepoteza karibu euro bilioni 2 kila mwaka. Hoja ilikuwa kuzibakiza kampuni kubwa nchini, Unilever ikiwemo. Bunge lilipouliza kama kulikuwa na nyaraka za jambo hilo kwenye mazungumzo ya kuunda serikali, Rutte alisema hana kumbukumbu nazo. Mwaka 2018 nyaraka zilitolewa hadharani. Oktoba mwaka huo Unilever iliacha mpango wa kuhamishia makao yake makuu Rotterdam, na serikali nayo ikaacha mpango wa kufuta kodi. Simtuhumu kwamba alikula rushwa, maana hakuna aliyethibitisha hilo. Nasema tu kwamba mtu hubeba macho ya mahali alikolelewa, na haja za kampuni kubwa humfikia haraka kuliko haja za mwingine.

La tatu ndilo zito. Wazazi wanaofanya kazi Uholanzi hupata ruzuku ya kulipia vituo vya kulelea watoto. Baada ya kugunduliwa udanganyifu mwaka 2013, siasa za nchi nzima zilidai ukali, na Rutte mwenyewe aliongoza kamati ya mawaziri ya kupambana na udanganyifu. Mamlaka ya kodi ilitumia kanuni ya yote au hapana. Mzazi aliyekosa sahihi moja kwenye fomu, au aliyepungukiwa kidogo kwenye mchango wake, aliweza kudaiwa ruzuku yote ya mwaka, maelfu ya euro. Uraia wa nchi mbili ulitumika kama alama ya kumshuku mtu, na kwa hiyo waliotoka Morocco, Uturuki, Suriname na kwingineko waliumia sana. Maelfu kwa maelfu ya wazazi waliitwa wadanganyifu. Watu walipoteza nyumba na kazi, ndoa zikavunjika. Katika familia zilizoathirika, zaidi ya watoto 1,000 waliondolewa majumbani kwao na kupelekwa kwingine.

Desemba 2020 kamati ya bunge iliyochunguza ilisema ni dhulma isiyo na mfano. Tarehe 15 Januari 2021 serikali nzima ya Rutte ilijiuzulu. Alikwenda kwa mfalme kutoa taarifa hiyo akiwa amepanda baiskeli yake. Miezi miwili baadaye chama chake kilishinda tena uchaguzi, naye akaendelea kuwa Waziri Mkuu.

Mfanyabiashara aliyeacha duka

Uislamu haumdharau mfanyabiashara. Mtume (S.A.W.) alifanya biashara, na Khalifa wa kwanza, Abubakar (R.A.), alikuwa muuza nguo. Imepokewa kwamba baada ya kupewa bai'a alibeba nguo zake begani akaelekea sokoni kama kawaida, maana alikuwa na familia ya kulisha. Umar na Abu Ubayda (R.A.) walikutana naye wakamzuia, akapangiwa posho kutoka Baytul Mal. Shughuli za umma na shughuli za soko hazikai kwenye bega moja.

Naona kuna zaidi ya suala la muda hapa. Soko lina kipimo chake, na ni halali. Kampuni ikiuza vitu elfu moja na kumi vikaharibika, hiyo ni hasara ya kawaida, huandikwa kitabuni na kazi inaendelea. Dola haiwezi kuwaandika watu kumi hivyo. Mzazi mmoja aliyedhulumiwa ana haki yake kamili mbele ya Mwenyezi Mungu, hata kama fomu elfu nyingine zilishughulikiwa vizuri.

Kuna atakayesema: Waziri Mkuu atajuaje kosa kwenye fomu ya mama mmoja? Hoja hii ina nguvu, na wapo wanaomtetea Rutte kwayo. Basi tumtazame Umar (R.A.). Alivaa nguo za viraka, na hakuna wa kumfundisha zuhd. Usiku mmoja, nje ya Madina, alimkuta mama anayechemsha maji kwenye chungu ili watoto wake wenye njaa wadhani chakula kinaiva. Mama yule, bila kumtambua, alimlalamikia Umar. Umar akauliza, Umar angejuaje hali yenu? Mama akajibu kwamba vipi basi ashike mambo yetu kisha atughafilike. Umar hakumwonyesha viraka vyake. Alirudi mjini, akabeba gunia la unga mgongoni mwake, na msaidizi wake Aslam alipotaka kulibeba, alimuuliza kama atambebea pia mzigo wake Siku ya Kiyama.

Kutojua, kwa hiyo, hakukuwa udhuru kwa Umar. Na Rutte hakukosa wa kumwambia. Wazazi walilalamika kwa miaka, na wabunge kama Pieter Omtzigt na Renske Leijten waliuliza tena na tena.

Tuwe wakweli lakini. Serikali yake ilijiuzulu, na kila mzazi aliyethibitika kudhulumiwa akaahidiwa angalau euro 30,000. Kwetu, ni wangapi wamewahi kujiuzulu kwa ajili ya maskini aliyekosewa kwenye fomu? Hatuna la kujivunia mbele ya Waholanzi. Hata hivyo kujiuzulu ni mwanzo wa toba ya kiongozi, na sharti la toba ni kurudisha haki ya mja. Miaka kadhaa baada ya siku ile, wazazi wengi walikuwa bado kwenye foleni ya kusubiri haki zao.

Ndugu zangu, wengi wetu hapa chuoni tunasomea biashara, uhasibu, utawala na kompyuta. Kesho ni sisi tutakaotunga fomu za mikopo ya wanafunzi na programu za kuchagua nani achunguzwe. Hata leo, katika jumuiya yetu, tuna mfuko wa kuwasaidia waliokwama ada. Mweka hazina asiyegusa shilingi ya mfuko huo amefanya jambo jema, na tumshukuru. Ila bado ataulizwa kuhusu mwenzetu aliyechelewesha fomu kwa siku moja, akafutwa kwenye orodha, akarudi kijijini, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza kwa nini alichelewa.

Wallahu a'lam.