Msaada na Utu

Watu wengi hudhani kuwa elimu ina milango miwili tu, jicho na sikio, na kuwa mtu aliyefungiwa mlango mmoja hupita kwa mwingine. Asiyeona husikia, asiyesikia huona. Dhana hii ina ukweli, lakini humsahau mtu aliyefungiwa milango yote miwili. Hali yake si hasara mbili zilizojumlishwa, maana kila moja humnyang'anya dawa ya nyingine. Asiyeona huvuka barabara kwa masikio. Kiziwi huvuka kwa macho. Je, asiyeona wala kusikia avuke kwa nini?

Huvuka kwa mkono: wake mwenyewe na wa mtu mwingine. Hapo ndipo lizukapo swali. Je, ahitajiye mkono wa mwenzake kila siku hupungukiwa utu? Na mkono anyooshewao ni hisani au ni haki?

Achukuliwe kwa mfano mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye hali hiyo, aliyerudi nyumbani Same kuandika tasnifu yake. Asubuhi upepo wa Same humwambia usoni kuwa ametoka nje. Ardhi hutetemeka chini ya nyayo zake, naye hujua kuwa gari kubwa linapita katika barabara kuu iendayo Arusha. Vitabu huvisoma kwa ncha za vidole, vile vichache vilivyochapwa kwa nukta nundu. Vingine humfikia kwa chombo cha kompyuta kiinuacho nukta, mstari baada ya mstari. Mhadhiri anenapo, mkalimani humwashiria viganjani. Akitaka kuwahoji wazee wa milimani juu ya mambo ya kale, kama alivyofanya mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake juu ya historia ya Wapare kilitoka mwaka 1969, neno la mzee hutoka kinywani, hupita kwa mkalimani, pengine hutoka katika Chasu na kuingia katika Kiswahili, ndipo litue mkononi. Kazi ya saa moja kwa wengine, kwake yaweza kuwa ya siku nzima.

Atazamaye juu juu husema kuwa mtu huyu hafanyi kitu kwa nguvu zake. Lakini katika milima ya Upare liko jibu la kale. Huko maji ya vijito hukusanywa usiku katika bwawa liitwalo ndiva, na mchana hugawanywa kwa zamu katika mifereji mpaka mashambani. Ndiva na mifereji hutunzwa kwa msaragambo, yaani kazi ya watu wote. Mkulima aliyenywesha mahindi yake kwa maji hayo haitwi ombaomba, wala mavuno yake hayasemwi kuwa ni ya jirani. Mfereji ni wa wote. Jembe na jasho ni vyake. Ndivyo ilivyo elimu. Mwanafunzi aonaye hakuchapa kitabu asomacho, wala hakufua umeme wa taa yake. Msaada apewao umezoeleka hata hautambuliwi. Ule wa mwenzake hutambuliwa kwa kuwa haujazoeleka. Tofauti yao ni ya mazoea, si ya utu.

Haben Girma alizaliwa Oakland, Marekani, mwaka 1988; mama yake alikuwa mkimbizi kutoka Eritrea. Uwezo wake wa kuona na kusikia ni mdogo mno. Chuoni alikosomea shahada ya kwanza hakuweza kusoma orodha ya vyakula, akala alichopewa. Kwanza alijiambia kuwa wengi duniani hawana chakula, basi yeye ni nani hata alalamike? Baadaye alitambua kuwa kushukuru si kuacha haki. Aliwakumbusha wahusika sheria ya nchi, na orodha ikawa inapelekwa kwake kwa kompyuta. Mwaka uliofuata alifika mwanafunzi mwingine asiyeona, akaukuta mfereji umekwisha chimbwa. Mwaka 2013 Haben alihitimu sheria katika Harvard, wa kwanza wa hali yake kufanya hivyo.

Orodha ya vyakula ni jambo dogo, lakini uhuru wa mtu hukaa katika mambo madogo. Mkalimani achujaye maneno kwa huruma, asiyetaja kicheko cha darasani wala neno kali la mhadhiri, hujifanya bwana wa akili ya mwenzake. Amlishaye mtu pasipo kumwuliza hushibisha tumbo na kudhoofisha nafsi. Msaada wa kweli humwachia mtu nafasi ya kuchagua, hata ya kuchagua vibaya.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 24 huwataja waziwazi viziwi wasioona. Na mwaka 2010 ilitunga sheria yake yenyewe. Sheria ni ndiva, na ndiva isiyo na mifereji hainyweshi shamba. Yasemwa kuwa gharama ya mkalimani kwa mtu mmoja ni kubwa. Ni kweli, na mfereji uendao shamba la mwisho ni mrefu kuliko yote. Lakini mwenye shamba hilo naye huitwa katika msaragambo, na jembe lake huchimba kama la wengine. Akinyimwa maji, huwa ametumwa tu; hakushirikishwa.

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aghalabu methali hii huambiwa asiyeona, ili afarijike. Yafaa aambiwe pia mwenye macho yake mawili, auonaye mkono ulionyooshwa akapita.