Mwanamke na Fimbo ya Gofu

Mama wa Rubwera, kabla hujatoka kwenda shambani, leo nazungumzia gofu. Hapa Kyerwa tuna kahawa na migomba, si viwanja vya gofu. Lakini Madina Iddi, Hawa Wanyeche na Angel Eaton wameiwakilisha Tanzania katika mchezo huu, na pale Lugalo, Dar es Salaam, jeshi letu lina uwanja wa mashimo 18.

Anayeanza hupiga hewa, mpira ukabaki palepale. Si aibu. Tangu 2020 handikapu hufika 54, yaani mikwaju ya nyongeza inayompa mgeni wa mchezo haki ya kushindana na bingwa. Huruma hiyo naipenda sana.

Binti yako akialikwa uwanjani huko mjini, usimkataze. Mwambie ashike fimbo.