Usiite Kila Jambo Njama

Somo: Isaya 7:1-9 na 8:11-13

 

Mwezi uliopita wahudumu wa afya walipita vijijini na kipaza sauti wakitangaza chanjo ya surua kwa watoto. Jioni yake nilikuwa bombani na jerikeni yangu, nikakuta habari nyingine imeshatangulia: eti sindano ile inafunga vizazi vya binti zetu, ili uzao wetu uishie ugenini. Nikauliza, "Nani amesema?" Mama mmoja akanijibu kwa heshima, "Mchungaji, wanasema." "Akina nani, mama?" "Wale wanaojua." Hapakuwa na jina. Kesho yake foleni ya chanjo ilikuwa fupi, na wengi waliokosekana walikuwa watoto wa kanisa letu, hawa hawa tunaowabariki madhabahuni.

Sikumkemea yule mama. Ningemkemea kwa kinywa gani?

Wengi mnakumbuka zoezi la kuhakiki wakimbizi lililofanyika hapa Uganda mwaka 2018, tulipopigwa picha, tukachukuliwa alama za vidole na mboni za macho. Kabla zamu yetu haijafika, mtu alinipa karatasi ya fotokopi isiyo na jina la mwandishi, ikisema kwamba mashine ile ya macho ndiyo mwanzo wa alama ya mnyama ya Ufunuo 13. Mimi, niliyekaa shule ya Biblia miaka mitatu, nilisimama Jumapili nikasema, "Wapendwa, tuwe macho na mashine hii." Sikusema msiende. Nilisema tu tuwe macho, kisha nikanyamaza kama mtu anayejua zaidi ya anayosema. Siku ya zamu yangu mwenyewe nilikwenda, maana nilikuwa na watoto wa kulisha.

Mjane mmoja wa kanisa letu hakwenda. Alijificha shambani na watoto wake watano siku zote za zamu ya kijiji chao. Mgao wao ukakatika. Binti yake mkubwa akaacha darasa la sita, akawa anakwenda kulima kwa watu ili wadogo zake wale. Habari iliponifikia, miezi ilikuwa imepita. Nikamwuliza kwa nini hakwenda, akanitazama, akasema, "Mchungaji, wewe ndiwe uliyesema." Tulifuatana ofisini, tukapanga foleni siku mbili, wakarudishwa kwenye orodha. Yule binti hakurudi shuleni.

Mjane huyo alinisamehe zamani, na ameniruhusu niandike haya ila nisimtaje jina. Lakini mbele ya kanisa, mahali niliposemea, sijawahi kusema kwamba nilikosa. Nasema leo: nilikosa. Ufunuo 13 inazungumza juu ya kumwabudu mnyama, na pale mezani hakuna aliyetudai ibada. Walitaka kujua kama sisi ndio tulioandikwa kwenye kadi.

Tangu hapo nimejiuliza sana kwa nini habari ya siri inatuvuta hivi. Wahubiri wengine hujibu upesi kwamba ni ujinga. Mimi sioni hivyo. Nilikuwa na vitabu, na bado nilivutwa.

Kwanza tuseme kweli: njama zipo, na sisi watu wa Kongo tumeziona. Tarehe 13 Februari 1961 wazee wetu walitangaziwa kwamba Patrice Lumumba alitoroka kifungoni akauawa na wanakijiji. Ulikuwa uongo. Alikuwa amekwisha kupigwa risasi huko Katanga tangu tarehe 17 Januari, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, na maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Ilipita miaka 40 mpaka tume ya bunge la Ubelgiji ikatoa taarifa yake, mwaka 2001, na kukiri kwamba nchi yao ilikuwa na wajibu wa kimaadili katika kifo kile. Mwaka 2022 ndipo familia yake ilipokabidhiwa jino lake moja. Kwa hiyo mtu akija kumwambia Mkongomani kwamba hakuna mipango ya gizani, huyo hajalala macho usiku kama sisi. Baba aliyedanganywa mara moja kwa jambo kubwa hivyo, akiwasimulia wanawe, anawarithisha pia masikio ya kushuku.

Lakini masikio hayo hayachagui. Kumbukeni Beni na Butembo, ambako baadhi yetu tuna ndugu. Watu wa Beni walikuwa wakichinjwa na waasi tangu Oktoba 2014, na hawakuona dunia ikija kwa haraka. Halafu tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, na ghafla magari yakajaa barabarani, na fedha zikaonekana. Uchaguzi wa Desemba mwaka ule, watu wa Beni na Butembo wakaambiwa hawatapiga kura pamoja na wenzao hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu. Je, mlitaka waseme nini? Walisema ugonjwa ni biashara, ni siasa, umetungwa ili tunyamazishwe. Maswali yao yalikuwa ya haki. Jibu ndilo lililokuwa na sumu, kwa sababu kirusi hakikuwa kimetungwa. Wagonjwa wengine walifichwa nyumbani, vituo vya matibabu vikachomwa moto, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari mmoja Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani akapigwa risasi hospitalini Butembo akafa. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamekufa watu 2,287. Waliowachinja watu wa Beni hawakupungukiwa na kitu kwa hasira ile. Waliopigwa ni waliokuja na dawa.

Halafu kuna maumivu. Mama aliyefiwa na mtoto kwa malaria, ukimwambia ni mbu, umemwacha mikono mitupu. Mbu hana jina. Huwezi kumlaani ukapata nafuu, huwezi kumshitaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Lakini ukimwambia yupo mtu aliyepanga, basi moyo umepata mahali pa kuegemea, hata kama mahali penyewe ni chuki. Tumepoteza mashamba, ng'ombe, ndugu, na wengi hatujui hata wamelala kaburi gani. Kuteseka bila kujua sababu ni kuzito kuliko kuteseka kwa mkono wa adui unayemfahamu. Ayubu naye alitaka kuelezwa. Rafiki zake walikuwa na maelezo kwa kila kidonda, na mwishoni ni wao walioambiwa kwamba hawakunena yaliyo sawa.

Nina jambo jingine, na hapa wanaume wenzangu mnivumilie. Yupo mtu aliyekuwa mwalimu mkuu kule Fizi, au mfanyabiashara pale Uvira, akisimama watu wanasimama. Leo anapanga foleni ya mgao nyuma ya kijana aliyemfundisha kusoma. Hana kazi, hana sauti. Siku anaposema kwa sauti ya chini, "Mimi nimepata habari ya ndani," watu wanavuta viti. Kwa saa moja amekuwa mtu tena. Ndivyo nilivyokuwa mimi ile Jumapili. Nawaambia ukweli, nililipenda lile kanisa lilivyotulia kunisikiliza.

Sasa tuifungue Isaya. Ahazi ni mfalme Yerusalemu. Analetewa habari kwamba Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli wamepatana juu yake. Neno linasema moyo wake na mioyo ya watu wake ilitikisika kama miti msituni upepo unapovuma. Na angalieni vizuri: njama hii ilikuwa ya kweli. Mstari wa 6 unataja hata mtu waliyetaka kumweka kitini, mwana wa Tabeeli. Bwana hamwambii Ahazi kwamba anaota. Anamtuma Isaya amkute kwenye mfereji wa birika la juu, mahali pa maji (mnaona, hata wakati ule habari za hofu zilikutana na watu majini), amwambie atulie, maana wafalme wale wawili ni vinga viwili vinavyotoa moshi, vimekwisha kuungua.

Isaya aliambiwa aende na mwanawe. Mtoto yule aliitwa Shear-yashubu, maana yake, mabaki watarudi. Wakimbizi wenzangu, sina haja ya kueleza jina hilo. Ahazi alisimama mbele ya ahadi yenye miguu miwili, na macho yake yalikuwa kwa Resini na Peka.

Alifanya nini? Someni 2 Wafalme 16. Alichukua fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana akampelekea Tiglath-pileseri mfalme wa Ashuru, akamwambia, mimi ni mtumishi wako, njoo uniokoe. Akaja kweli, akaipiga Shamu. Lakini Yuda ikabaki chini ya nira ya Ashuru, bwana mkubwa kuliko wale wawili aliowaogopa. Ndiyo maana katika sura ya 8 Bwana anamshika Isaya kwa mkono hodari na kumkataza asienende katika njia ya watu hawa: wasikiite njama kila kitu wanachokiita watu njama, wala wasiogope wanachokiogopa. Kisha anataja yeye ndiye wa kuogopwa. Hofu ni sadaka, wapendwa. Ukiipeleka kwa wapangaji wa siri, umewapa kiti kisicho chao, hata kama wapo. Nasema hata kama wapo.

Mtu ataniuliza, je, nikisikia kweli kuna shauri baya, ninyamaze? Hapana. Katika Matendo 23 zaidi ya watu arobaini walijifunga kwa kiapo wasile wala wasinywe mpaka wamwue Paulo. Mwana wa dada yake Paulo akasikia. Sikiliza alivyofanya kijana huyu, maana simwoni akihubiriwa sana. Alikuwa na habari yenyewe: idadi ya watu, mahali, na siku. Hakuipeleka sokoni. Alikwenda kwa Paulo, ambaye habari ilimhusu, na Paulo akamtuma kwa jemadari, mwenye askari. Jemadari alimshika mkono akamwuliza faraghani, kisha akamwagiza asimwambie mtu. Usiku ule ule Paulo akatolewa Yerusalemu, yuko hai. Laiti kijana yule angekwenda kwanza bombani!

Wala kuchunguza siri si dhambi. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola akienda kutafuta amani ya Katanga. Alikufa yeye na wenzake 15. Miaka zaidi ya 60 watu wamesimulia nani aliiangusha. Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, alipewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kupitia ushahidi, akaandika taarifa mwaka 2017, 2019, 2022 na 2024. Amesema inawezekana ndege ilishambuliwa. Amesema zipo nchi ambazo hazijafungua makabati yao yote. Hajasema ni fulani aliyeua, kwa sababu ushahidi haujamfikisha hapo. Mtu amekaa na jambo moja miaka yote hiyo, na bado ana nguvu ya kuishia pale ushahidi unapoishia. Sisi tunapokea sauti ya dakika mbili kwenye simu, na kabla haijaisha tumeshawatumia watu ishirini. Torati inadai mashahidi wawili au watatu hata kwa kosa dogo la jirani (Kumbukumbu la Torati 19:15). Ile karatasi yangu ya fotokopi haikuwa na hata mmoja.

Wahudumu wa chanjo watarudi kwa ajili ya watoto waliokosa, Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, na safari hii wamekubali kukaa katika jengo la kanisa. Nimewaomba waje na muuguzi anayesema Kiswahili, na atajibu maswali kabla ya sindano ya kwanza. Ulizeni yote, hata lile la vizazi, hakuna atakayechekwa. Mwenye habari kinyume aje nayo pia, pamoja na jina la aliyeona kwa macho yake. Mimi nitakuja na kitinda mimba wangu, naye ni msichana, na atakuwa wa kwanza kuchanjwa. Yule mama wa bombani ameniambia kwamba atakuja, lakini atakaa kwanza nyuma aangalie. Nimemjibu, "Karibu, mama, benchi la nyuma lipo."