Safari Isiyo na Haja

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani tumelelewa nayo, msafiri ana ruhusa ya kuipunguza sala ya rakaa nne ikawa mbili, akikusudia kwenda masafa ya marhala mbili, yaani kilomita 80 na ushei. Lakini masafa peke yake hayatoshi. Safari iwe halali, iwe na mahali inapokwenda, na iwe na lengo la maana. Biashara ni lengo, elimu ni lengo, kuunga udugu ni lengo. Je, kujiburudisha? Wapo wanavyuoni waliokubali kwamba kutoka kwenda kupunga hewa ni lengo sahihi, na wapo waliosema kutazama nchi tu hakutoshi.

Kwangu swali hili lilikuwa la vitabuni mpaka siku moja ya Juni nilipotoka Inverness, kaskazini mwa Uskoti, kuelekea kijiji cha Bettyhill, juu kabisa kwenye bahari. Ni kama kilomita 150. Sikuwa na mgonjwa wa kumjulia hali wala maiti wa kumzika. Nilikuwa na siku ya mapumziko kutoka wodini na Mazda MX-5 kuukuu, gari la spoti la viti viwili, paa lake la turubai nimelikunja nyuma.

Ukishapita Lairg, barabara ni ya gari moja tu. Kuna vituo vya kupishania, na anayepishwa humwinulia mkono aliyempisha. Nilikwenda pole. Wako wanaoona kuwa gari la namna hii likienda pole limepotezwa bure. Mimi nilihisi injini iko tayari kunitii kuliko nilivyohitaji, nikaielewa upya dua ya kupanda chombo: msafiri anakiri kuwa chombo kimetiishwa kwa ajili yake, hakukimudu kwa ubavu wake, na kwa Mola wake ndiko atakakorejea. Asiyezitumia nguvu zake zote hakuzipoteza, amezitia adabu. Qur'ani inayotukataza kutembea katika ardhi kwa majivuno, ndiyo hiyo hiyo inayotuamrisha tutembee tutazame waliishia vipi waliotutangulia.

Nami nilikuwa na wasaa wa kutazama. Bondeni kandokando ya ziwa la Naver hapakuwa na nyumba kwa mwendo mrefu. Kulikuwa na kondoo, upepo, na nyasi za kinamasi zenye vishungi vyeupe kama pamba. Mgeni hudhani bonde hilo liliumbwa tupu. Sivyo. Waliishi humo wakulima na wafugaji, watu wa lugha ya Kigaeli, hadi walipofukuzwa, hasa mwaka 1814 na 1819, ili ardhi ikodishwe kwa wafugaji wakubwa wa kondoo. Nyumba zilichomwa moto. Patrick Sellar, msimamizi wa mali ya mwenye ardhi, alishtakiwa Inverness mwaka 1816 akaachiwa huru, na yeye mwenyewe ndiye aliyekodi malisho katika bonde hilo. Katika kijiji cha Rosal misingi ya nyumba ingali inaonekana majanini.

Asubuhi nilikuwa nimepinda njia kwenda kanisa la Croick. Watu wa Glencalvie walipotolewa makwao mwaka 1845, walijihifadhi katika uwanja wa kanisa hilo, wakachora maneno kwenye vioo vya dirisha kwa nje. Baadhi ya maneno hayo yanajilaumu: waliamini wamefukuzwa kwa dhambi zao. Hilo lilinichoma kuliko moto wa Rosal. Dhulma ilikuwa imewanyang'anya hata haki ya kujijua kuwa wamedhulumiwa.

Adhuhuri na Alasiri nilizisali kando ya ziwa, rakaa mbilimbili, kwa kauli ya waliokubali.

Mama alipopiga simu kutoka Mombasa usiku, aliuliza, "Ulikwenda kwa nani huko, mwanangu?" Kwetu mtu hasafiri ila kwa mtu. Nikamwambia, "Kwa watu waliofukuzwa kwao, mama." Akataka nimsimulie kisa chote.

Sisemi kwamba masikitiko ndiyo yaliyoihalalisha raha yangu. Raha ya jua usoni na kona inayokubali usukani ilikuwa neema hata kabla sijafika Rosal, na neema yatosha kushukuriwa. Lakini mwenye haja huona kile anachokiendea, akapita mengine yote. Ningekuwa na miadi Bettyhill, ningelipita bonde lile nikitazama saa. Asiye na haja ana wasaa wa kusimama kwa ajili ya jambo ambalo hakulifuata, na wasaa huo una deni lake: kuuliza ardhi hii nzuri ilikuwa ya nani, na uzuri wake umelipiwa na nani. Anayestarehe akakataa kuuliza ndiye mfujaji, hata kama petroli aliyochoma ni kidogo. Anayeuliza, akapokea jibu na kulisimulia, safari yake ina lengo la maana, na ruhusa ya msafiri ni haki yake.